Siku Tuliyokwenda Chiola kwa Miguu

Mwezi uliopita tuliahidi kuendelea na habari za watoto wanaoharisha. Mtuwie radhi, tunaziweka kando kwanza, maana kuna safari ya siku moja iliyokaa mioyoni mwetu, na hatuwezi kuandika mengine kabla hatujaisimulia. Ni safari ya miguu, kutoka Nachingwea mjini kwenda Chiola.

Tulikuwa akina mama 17 wa kanisa letu. Wenzetu wa Chiola walikuwa wanaezeka nyumba ya mwinjilisti wao, na upande mmoja ulikuwa bado hauna mabati. Tulipopiga hesabu ya kukodi gari la kutupeleka, mama mweka hazina akasema fedha hiyo ni mabati kadhaa, na miguu Mungu ametupa bure. Tukacheka, tukakubali. Hakuna aliyeuliza kama kila mmoja wetu angeweza. Hata sisi tuliosomea uuguzi hatukuuliza.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, mwezi wa Oktoba, kabla joto halijapanda. Stendi ilikuwa kimya, isipokuwa mama mmoja wa maandazi aliyekuwa anapuliza moto. Alitupa maandazi mawili ya ziada akasema tumwombee. Basi tukapita katikati ya mji tukiimba kwa sauti ya chini ili tusiamshe watu.

Mji huu ulikuzwa na karanga. Mwaka 1947 Waingereza walianza Tanganyika mradi mkubwa wa kulima karanga kwa mashine, Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu zake, na reli ikajengwa kutoka pwani. Mvua na udongo havikutii mipango iliyoandikwa London. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, na mwaka 1962 reli nayo ikafungwa. Bibi mmoja, mkubwa kuliko sote, alituambia baba yake alikuwa kibarua wa reli hiyo. Wasichana waliokuwa nasi hawakuamini kwamba treni ilifika huku. "Ilifika," bibi akasema, "na ilipoondoka sisi tulibaki na miguu yetu."

Jua lilipochomoza tulikuwa tumeuacha mji. Mikorosho ilikuwa kila upande, mabibo ya kwanza yameanguka chini na harufu yake tamu imejaa njiani. Watoto waliokuwa wanaokota korosho walitukimbilia wakiuliza kama kuna harusi. Tulikuwa na maji kwenye madumu mawili tukipokezana kuyabeba, na kila mmoja alikuwa na muhogo wa kuchemsha kwenye kanga. Tulikuwa tumewaonya wenzetu wasivae viatu vipya. Mmoja hakusikia, akaja na raba za mwanawe wa sekondari, na kabla ya saa mbili asubuhi kisigino kilikuwa kimetoka lengelenge. Tulilifunika kwa kitambaa safi bila kulitumbua, akavaa kandambili, akaendelea.

Barabara ndefu hufungua midomo. Tulianza kuzungumza juu ya wanawake waliotembea nchi hii kabla yetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar, akashuka Lindi, akaongoza kwa miguu mpaka Masasi watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Alikusudia kuwafikisha mbali zaidi, karibu na Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wenyewe waliipenda nchi ile wakakaa. Kisha tukawakumbuka wasichana wa Msumbiji. Kambi ya FRELIMO ilikuwa hapa hapa Nachingwea, na mwaka 1967 kundi la kwanza la wasichana lilikuja kufundishwa uaskari. Josina Machel alikuwa mmoja wao. Wanawake hao walikuwa wakitembea siku nyingi ndani ya Msumbiji, wamebeba silaha, dawa na chakula vichwani.

Mama mchungaji akauliza swali zuri. Alisema habari za safari ya Masasi zinamtaja sana Askofu, lakini je, katika wanawake wale ni wangapi walikuwa na mimba, na ni nani aliyekuwa anawaangalia miguu? Tukalijadili kwa uchungu mkubwa. Tulifika mpaka kwa Mariamu, aliyekwenda mbio kumwona Elisabeti katika nchi ya milima. Luka hatuambii kama alivimba miguu au la.

Wakati tunasema hayo, nyuma yetu kabisa alikuwa anatembea mkamwana wa mmoja wetu, mimba ya wiki 34, peke yake.

Tulijua kwamba ni mjamzito. Tulimwona asubuhi tukamwuliza hali, akajibu, "Sijambo, mama nesi, nimezoea." Nasi tukaridhika, kwa sababu kutembea si dhambi kwa mwenye mimba, na wanawake wa kwetu hulima mpaka siku ya uchungu. Kama saa tatu hivi alianza kubaki nyuma. Mama mkwe wake alimwita mara mbili, na mara ya tatu akamkemea mbele ya watu. Na hakumkemea kwa kuchelewa tu. Alisema, "Na pete ya mwanangu umeiacha wapi? Unatembea na akina mama wa kanisa kidole kitupu?"

Binti hakujibu. Alifungua pindo la kanga, akatuonyesha pete aliyoifunga humo. Kisha akasema taratibu, "Mama, haiingii tena. Tangu juzi haiingii."

Hapo ndipo sisi tuliotangulia na nyimbo zetu tulipogeuka. Uso ulikuwa umejaa, macho yamekuwa madogo, vidole vimenenepa kama vya mtoto mchanga. Tulimkalisha chini ya mwembe tukaanza kumwuliza maswali tuliyopaswa kumwuliza saa kumi alfajiri. Kichwa? Kinauma tangu jana, kidonge hakikukiondoa. Macho? Anaona vimulimuli. Tumbo? Panamkaza hapa, chini ya chembe. Kliniki? Alikwenda mara moja, mimba ikiwa changa. Baadaye ulikuja msimu wa ufuta, kisha kupalilia mikorosho, akaona aibu kuomba ruhusa.

Akina mama, miguu kuvimba jioni ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi. Ukilala umeinua miguu, asubuhi huwa imepungua. Lakini uso na mikono vikivimba, pete ikikataa kuingia, kichwa kikiuma bila kutulia, macho yakiona giza au vimulimuli, maumivu yakikaza juu ya tumbo, hiyo si kazi ya uchovu. Ni dalili kwamba presha imepanda kwa ajili ya mimba, na njia hiyo inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, degedege linaloweza kumchukua mama na mtoto kwa saa chache. Hutokea baada ya wiki ya 20. Kuna mama ambaye presha hupanda naye hajisikii kitu, wala havimbi popote, ndiyo maana kipimo cha presha na cha mkojo havina badala. Wengine husema ni mapepo, wengine husema amerogwa na mke mwenza. Tumewaona waliofungiwa ndani wakiombewa siku nzima. Ombeeni, lakini ombeeni mkiwa njiani kwenda hospitali.

Tulimlaza kwa ubavu wa kushoto. Kijana wa pikipiki alijitolea kumbeba, tukakataa, maana degedege likimshika juu ya pikipiki ataanguka. Tulingoja gari. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko mwendo wote wa asubuhi. Likaja pikapu la mnunuzi wa korosho, akashusha magunia yake kando ya njia bila kudai hata senti, akamwacha msaidizi ayalinde. Kwenye zahanati ya kijiji tulichokipita asubuhi walimpima presha: 170 kwa 110. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Muuguzi wa pale, msichana mdogo sana, hakupoteza muda. Alimchoma sindano ya magnesiamu salfeti, ambayo huzuia degedege, akampa dawa ya kushusha presha, akaandika barua ya rufaa, akapanda gari pamoja nasi mpaka hospitali mjini. Kiuguzi yule ni mdogo wetu. Siku ile alikuwa mwalimu wetu.

Wenzetu 14 waliendelea na safari wakafika Chiola jua likiwa limeelemea magharibi. Walipokewa kwa ngoma na ugali wa muhogo kwa kisamvu, wakakabidhi fedha za mabati, na usiku kucha wakawa wanaomba bila kujua habari yoyote, kwa kuwa simu hazikushika mtandao.

Dawa halisi ya ugonjwa huu ni mtoto kuzaliwa. Siku ya tatu, presha ikiwa imeshikwa, madaktari walimzalisha mtoto wa kike wa kilo 1.9. Alikaa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, mtindo wa kangaroo, usiku na mchana. Mama mtu alipochoka, mkwewe alivua blauzi akampokea mjukuu kifuani. Nesi wa zamu alidhani atakataa.

Tumeulizwa kama tutatembea tena. Tutatembea, maana Chiola hatujaiona sisi wenyewe. Lakini sasa kila mjamzito wa kundi letu hutuonyesha kadi ya kliniki kwanza. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito aonane na mhudumu wa afya mara 8, siyo 4 kama tulivyofundishwa chuoni, na tumewaomba akina mama wakwe wenyewe wawe ndio wa kuhesabu. Tena atakayetembea nyuma ya wote atakuwa mmoja wetu tuliosoma. Nyimbo zinaweza kuanzishwa na mtu yeyote.

Pete iliingia kidoleni wiki ya sita baada ya kujifungua, siku walipompeleka mtoto kanisani. Siku zote hizo ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya mama mkwe. Aliifungua yeye mwenyewe, pale mlangoni, akamvisha.