Cheti cha Semina Hakizai Kiongozi



Juma hili sitaki kulinyamazia tena lalamiko ambalo nimelisikia mara nyingi mno. Ninyi mlio wakuu wa idara, wakuu wa wodi, walimu wakuu, wenye maduka na wenye karakana, tukisalimiana baada ya Misa mnaniambia: "Padre, vijana wa siku hizi hawajui uongozi." Kisha mnaniomba parokia iwaandalie semina.

Sitaiandaa.

Semina tunazijua. Watu hukaa ukumbini siku tatu, hunywa chai, hupiga picha ya pamoja, hupokea cheti na posho, na Jumatatu hurudi kwenye kiti kilekile cha kusubiri saini ya bosi. Sisemi kwamba darasa halina maana. Mimi mwenyewe nimekalia madawati ya seminari miaka mingi. Lakini hata Kanisa, ambalo Mtaguso wake wa Trento uliagiza kuanzishwa kwa seminari mwaka 1563, haliridhiki na darasa peke yake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1032, inamtaka shemasi aliyemaliza masomo ashiriki kwanza kazi ya uchungaji kwa muda unaofaa, ndipo apewe upadre. Na kwenye kipaimara mtoto tunamtafutia msimamizi. Iweje kijana aliyeajiriwa juzi aachwe yatima ofisini?

Miaka ya 1980 watafiti wa Center for Creative Leadership, huko North Carolina, Marekani, waliwauliza mameneja waliofanikiwa walijifunzia wapi kuongoza. Wengi walitaja kazi ngumu walizokabidhiwa na watu waliofanya nao kazi. Darasa lilitajwa kidogo. Baadaye majibu hayo yakafupishwa kuwa 70, 20 na 10 kwa mia. Nambari hizo zisishikwe kama kipimo cha mizani, kwani zilitokana na kumbukumbu za watu, lakini fundi yeyote wa gereji angewaambia jambo hilohilo bila utafiti.

Hapa naomba nieleweke. Kumtupia kijana kazi si kumlea. Mkuu wa wodi anayemwachia muuguzi mdogo ratiba ya zamu, kisha akaenda likizo na kurudi kumgombeza, hajamfundisha chochote ila woga. Anayelea humwachia ratiba hiyohiyo kwa mwezi mzima, humruhusu akutane na hasira za waliopangiwa usiku mfululizo, na jioni huketi naye na kumwuliza: kwa nini ulipanga hivi? Ungefanyaje leo? Huko ndiko kulea, na kunadai muda, kitu ambacho mabosi wengi huthamini kuliko fedha.

Najua mnaloficha. Mnaogopa kwamba akijua atawapoka nafasi. Someni Hesabu, sura ya 27. Musa aliagizwa ampe Yoshua sehemu ya heshima yake, mbele ya mkutano wote, naye Musa angali hai. Hakuambiwa asubiri kustaafu. Hakuambiwa amnong'oneze chemba, ili siku ya kosa amkane. Nanyi mnaosema kijana akishajua ataondoka kwenda kwa mwajiri mwingine, ni kweli, baadhi wataondoka. Je, mnaridhika na watakaobaki bila kujua lolote?

Nasema kwa uchungu kwa sababu yamenipata. Nilipokuwa padre msaidizi, paroko wangu alikuwa mtu wa sala na mwema sana kwangu, ila daftari la fedha alilifungia kabatini na ufunguo ukalala mfukoni mwa kanzu yake. Miaka minne sikuliona. Nilipokabidhiwa parokia yangu ya kwanza, nililipia mabati ya kigango kabla hayajafika. Hayakufika kamwe. Wajane waliokwisha kutoa senti zao walichangishwa upya, na wakati wa mvua ile tulisali chini ya turubai. Kosa lilikuwa langu na nimeliungama. Hata hivyo, laiti ningaliketi japo mara tano na mzee yule juu ya daftari lile, ningalijua kwamba mwenye duka hulipwa mzigo ukishahesabiwa.

Na la kuaibisha zaidi: mwezi uliopita padre msaidizi wangu aliniomba kuona mahesabu ya parokia, nami nikamwambia, "Subiri kwanza, Padre, bado kijana." Nilisikia sauti yangu mwenyewe nikashtuka.

Basi Dominika hii kikao cha kamati ya fedha ataendesha yeye, na ufunguo wa kabati tayari anao. Nitaketi kando ya mhasibu, nami nimeahidi kutofungua mdomo hadi ajenda ya mwisho. Wajumbe wanaonifahamu wameshaanza kunicheka.