Watoto na Ngoma

Wazazi wapenzi, sindimba twaijua sote huku Mnyambe. Lakini mtoto akiigusa ngoma twamfukuza: "Utaipasua!" Je, kesho atapiga nani?

Mchagulieni wimbo mfupi anaoujua. Kwanza auimbe huku akipiga makofi, mpaka mwendo usiyumbe. Kisha mpeni ngoma ndogo, pigo moja lile lile, bila haraka. Akizoea, mkalisheni kando ya mpigaji hodari, na wenziwe waitikie wimbo. Mapambo yangoje hata wote waende sawa. Ngozi ikilegea, mwonyesheni kuipasha moto.

Akikosa pigo, aendelee kuimba, atalidaka tena. Msimcheke. Mtoto aliyechekwa harudi, na mzee akifa na mapigo yake, hakuna duka liyauzalo.