Utafungua Hoteli Lini?

Sema unasomea lishe, uone kama utamaliza sentensi kabla mtu hajakuuliza utafungua hoteli lini. Mwingine atasema hiyo ni kozi ya waliokosa alama za udaktari. Tunacheka. Halafu tunaenda nyumbani Meru tunakuta mama ana kisukari, baba ana presha, na wote wanapata ushauri wa chakula kutoka kwa jamaa wa TikTok anayeuza poda ya kupunguza tumbo.

Niseme mapema: mimi niliacha chuo, na hata sikuwa nasomea lishe. Sina cheti cha kutetea hapa. Nina shangazi.

Shangazi anaishi Embu. Figo zake ziliposhindwa, aliambiwa hospitalini apunguze potasiamu. Basi, hakuna lingine. Akadhani ni aina ya chumvi. Akaacha chumvi, akaendelea na ndizi, waru, nduma na avokado kama kawaida. Hakuna aliyemwambia potasiamu iko humo humo, kwenye chakula alichokulia. Figo zisipoitoa, hujaa kwenye damu na inaweza kusimamisha moyo.

Aliyemsaidia ni binti wa jirani, mhitimu wa lishe ambaye siku hizi anauza kava za simu. Alisoma kwanza majibu ya damu, kisha akaingia naye jikoni. Menya waru, katakata vidogo vidogo, chemsha kwa maji mengi, mwaga hayo maji. Kula kiasi hiki, si sahani nzima. Avokado, weka kando kwa sasa. Hakumwambia atafute vyakula vya supamaketi. Alimpangia mlo kutoka shamba lake mwenyewe.

Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Ndiyo maana wanasomea biokemia na fiziolojia, wanapelekwa wodini. Kuna hata sheria ya wataalamu wa lishe, ya 2007, iliyounda taasisi ya kuwasajili, KNDI. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na chenye ubora. Kwa karatasi tuko sawa kabisa. Lakini huyo binti aliyesoma kwa pesa ya umma anauza kava.

Wakubwa watasema pesa hazipo. Haya, tupige hesabu. SHA hulipa shilingi 10,650 kwa kikao kimoja cha kusafisha damu. Vikao viwili kwa wiki, mwaka mzima, ni zaidi ya milioni moja kwa mgonjwa mmoja. Na vinavyoongoza kuharibu figo ni kisukari na presha, magonjwa ambayo sehemu kubwa ya kuyadhibiti iko kwenye sahani. Kwa hivyo pesa zipo. Tunangoja tu figo zife ndio tuzitoe.

Na sisi tuache kusema kozi haina soko. Nenda kliniki ya kisukari asubuhi uone foleni. Soko ndilo hilo limekaa kwenye benchi. Kinachokosekana ni mwajiri.

2027 watakuja tena na ahadi za majengo na mashine. Wakimaliza kuhutubia, tuwaulize swali moja: mtaajiri wataalamu wa lishe wangapi, na lini?