Mchango kwa Ajili ya Mbwa

Huku Lushoto tumezoea kuchangia harusi na misiba. Anayeomba mchango ili mbwa wake afanyiwe upasuaji wa dharura huchekwa. Tusimcheke. Mbwa hulinda mahindi yetu dhidi ya nyani, na katika Kitabu cha Tobiti mbwa alifuatana na Tobia safarini. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2418, yafundisha mawili: kumtesa mnyama bila sababu hakustahili utu wetu; wala haifai kutumia kwa wanyama fedha zinazopaswa kwanza kuwaondolea watu dhiki. Basi tukikataa kuchangia kwa ajili ya maskini, fedha hiyo tumpelekee maskini leo. Ikibaki mfukoni, haijamfaa mbwa wala mtu.