Mwanao anataka studio nyumbani? Muulize swali hili kwanza

Mama mmoja wa mtaa wa Buruburu, Nairobi, ameniandikia akiuliza afanyeje na kijana wake wa shule ya upili ambaye, tangu shule zifungwe, hana neno jingine ila studio. Kijana anataka programu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta ya nyumbani, na rafiki yake amemwambia kuna fundi mjini ambaye atamwekea ile ya maelfu ya shilingi kwa mia tano tu. Je, amkubalie?

La, asimkubalie. Programu za wizi mara nyingi huja na virusi, na kompyuta hiyo ndiyo yamkini inayotunza hesabu za biashara ya mama na kazi za shule za wadogo zake. Isitoshe, hakuna haja, kwani zipo programu halali za bure zitakazomtosha mtu anayeanza.

Kabla ya kuchagua, mzazi, muulize mwanao: anataka kurekodi au kupanga? Mwenye gitaa na sauti yake hahitaji kitu kimoja na yule anayetaka kuunganisha ngoma, besi na vipande vinavyojirudia, ambavyo wenyewe huviita lupu.

Wa kwanza aanze na Audacity. Ilitolewa mwaka wa 2000, haiuzwi, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Wa pili ajaribu LMMS, ambayo pia ni ya bure. Lakini tahadhari: toleo la 1.2 la LMMS halirekodi kutoka kwa kipaza sauti. Dawa yake ni kuimba ndani ya Audacity, kuhifadhi sauti kama faili ya WAV, kisha kuipeleka LMMS. Ni kazi ya ziada, ndiyo, ila haimshindi kijana mwenye hamu. Walio na Mac wasihangaike. GarageBand, iliyoanza mwaka wa 2004, hufanya yote mawili.

FL Studio, ambayo vijana huitaja sana, hutoka Ubelgiji. Ni hodari kwa lupu, na ukishainunua hulipii tena matoleo mapya. Ile ya majaribio, hata hivyo, hukubali kuhifadhi kazi yako lakini haitaifungua tena mpaka ulipe! Mimi, pesa zikipatikana, ningependelea Reaper: siku 60 za kujaribu kila kitu, kisha dola 60 kwa mtu binafsi.

Lupu nayo ni hesabu. Kasi ikiwa mapigo 120 kwa dakika, mapigo manne huchukua sekunde 2 kamili, na mapigo 16 sekunde 8. Kipande kikizidi hata kidogo, baada ya kurudiwa mara kumi ngoma itakwenda kwake na gitaa kwake. Kwa hivyo kijana arekodi huku akisikiliza mlio wa metronomu kwenye hedifoni (zile mia tano za fundi ziende huko). Na huyo anayependa chakacha, inayokwenda kwa sita kwa nane, abadilishe mpangilio wa mapigo kabla ya kuanza, kwani lupu nyingi zinazokuja na programu hizi ni za mapigo manne. Asipofanya hivyo atalaumu kompyuta bure.

Iwapo sauti yake itamrudia masikioni ikiwa imechelewa, asidhani kipaza sauti kimeharibika. Kompyuta hukusanya sauti kwa mafungu kabla ya kuitoa. Apunguze ukubwa wa fungu hilo katika mipangilio, mathalani kutoka sampuli 1,024 hadi 256, na ucheleweshaji utapungua. Sauti ikianza kukwaruza, arudi juu kidogo.

La mwisho ni nafasi. Dakika moja ya WAV ya stereo hula karibu megabaiti 10, na wimbo huwa na sauti nyingi zilizopangwa pamoja. Anakili kazi yake kwenye flashi kila jioni, kwani stima zetu hazipigi hodi zikiondoka.