Uliza idadi ya sahihi kabla ya gawio
Mwekezaji mdogo hutazama bei ya hisa na gawio, akasahau kuuliza: mhandisi wa kampuni hii anangoja sahihi ngapi ili abadili kifaa kimoja?

Chrysler ya Marekani ilionyesha mfano wa gari la Viper mjini Detroit Januari 1989. Mwaka 1992 likawa sokoni. Kikosi kidogo kilikaa pamoja na kuamua, badala ya kungoja faili lizunguke idara zote. Utaratibu huo uliingia pia kwenye magari ya kawaida, na mwaka 1994 faida ilifika dola bilioni 3.7.

Si dawa ya kila ugonjwa: mwaka 2009 Chrysler iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai. Hata hivyo, kwenye mkutano wa wanahisa, swali la sahihi litangulie la gawio.