Mhuni ni nani? Jina linapotangulia kosa

Na Mwandishi Wetu, Mpwapwa

KIJANA anayekaa kijiweni mjini hapa akisubiri kibarua hahitaji kuiba ili aitwe mhuni. Suruali iliyoshuka kiunoni na kofia iliyogeuzwa hutosha.

Neno hilo lina historia. Enzi za Mwingereza, mhuni alikuwa kijana aliyeingia mjini bila kazi inayotambuliwa na serikali, na dawa yake ilikuwa kurudishwa kijijini. Uhuru ulikuja, mtazamo ukabaki: Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitumika kuwasaka "wazururaji" mijini na kuwapeleka mashambani.

Uingereza yenyewe haijapona. Huko kijana wa tabaka la chini anayevaa nguo za michezo na mapambo ya kung'aa huitwa "chav". Mwaka 2011 mwandishi Owen Jones alitoa kitabu akieleza kuwa jina hilo limekuwa silaha ya kuwadharau wafanyakazi.

Uhalifu upo, hakuna anayekana. Waliovamiwa na Panya Road jijini Dar es Salaam mwaka 2022 walikatwa kwa mapanga. Lakini mwenye panga ashitakiwe kwa panga lake, si jirani yake kwa suruali yake.

Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, ilitoa maoni kuwa sheria za uzururaji zinakiuka haki za binadamu.

Jina la mhuni halimpi kijana kazi. Humwondolea tu mtu ambaye angemwajiri.